Karani wa Mafuta Aonywe kwa Lugha Aielewayo

Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 7 Mei 2021, mfanyakazi mmoja katika chumba cha kuongozea mitambo cha kampuni ya Colonial Pipeline nchini Marekani alikuta ujumbe kwenye kioo cha kompyuta yake. Ujumbe ulidai fedha. Baada ya takriban saa moja kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kulifunga bomba lake lote, kutoka Houston katika jimbo la Texas hadi New Jersey, mwendo wa kilomita zipatazo 8,850. Bomba hilo hupitisha karibu mapipa milioni 2.5 kila siku, kiasi cha asilimia 45 ya mafuta yanayotumika katika pwani ya mashariki ya nchi ile. Halikuwa limetoboka. Hapakuwa na pampu iliyoungua wala vali iliyovunjika. Zilizotekwa ni kompyuta za ofisini, zile za ankara na barua, na wakuu wa kampuni wakahofu kwamba balaa lile lingevuka kutoka huko na kuifikia mitambo yenyewe ya kusukuma mafuta. Wakaona heri waifunge kwa mkono wao kabla haijafungwa na mwingine.

Yaliyofuata yalitangazwa ulimwenguni kote. Watu wa North Carolina, Virginia, Georgia na majimbo jirani walikimbilia vituoni, na maelfu ya vituo vikaishiwa na petroli, vingi vyavyo kwa sababu ya hofu kuliko upungufu. Serikali ikalegeza kanuni za saa za kazi za madereva wa malori ya mafuta katika majimbo 17. Shirika la ndege la American Airlines likalazimika kuziongezea kituo cha njiani safari zake mbili ndefu kutoka Charlotte ili ndege zijaze mafuta kwingineko. Tume inayosimamia usalama wa bidhaa ikafikia hatua ya kuwasihi wananchi wasitie petroli katika mifuko ya plastiki. Kampuni ililipa Bitcoin 75, ambazo thamani yake wakati ule ilikuwa kama dola milioni 4.4, na programu ya kufungulia iliyopewa na wahalifu hao, waliojiita DarkSide, ikawa ya kujikokota mno hata kampuni ikategemea nakala zake yenyewe za akiba. Mafuta yalianza kutiririka tena jioni ya tarehe 12. Mwezi uliofuata wapelelezi wa serikali walifanikiwa kuzirudisha Bitcoin 63.7, lakini kufikia hapo thamani yake ilikuwa imeshuka hadi dola milioni 2.3 hivi.

Wezi hao hawakuvunja ukuta. Tarehe 8 Juni 2021 mkuu wa kampuni, Joseph Blount, aliieleza kamati ya Baraza la Seneti kwamba waliingia kwa kutumia akaunti ya zamani, iliyowekwa kwa ajili ya wafanyakazi wanaoingia katika mtandao wa kampuni wakiwa mbali. Akaunti hiyo ilikuwa haitumiki tena, lakini hakuna aliyeifunga. Ililindwa kwa nenosiri peke yake, bila ithibati ya pili kama zile tarakimu zinazotumwa kwenye simu. Blount alisisitiza kwamba nenosiri lenyewe halikuwa jepesi la kubahatishwa, bali lilikuwa gumu. Wachunguzi walilikuta baadaye miongoni mwa manenosiri yaliyovuja na kuzagaa katika vichochoro vya intaneti. Basi ugumu wake haukufaa kitu, maana neno likishajulikana si siri tena, hata liwe na herufi mia.

Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni isimu, na huenda msomaji akajiuliza mtu wa lugha anatafuta nini kwenye bomba la mafuta. Jibu langu ni kwamba katika visa vya namna hii mlango ulioachwa wazi aghalabu huwa ni mlango wa lugha: nenosiri lililotumiwa mahali pawili, barua iliyosomwa kwa pupa, agizo lililotiiwa bila kuhojiwa, jina lililofananishwa na jingine. Ilhali sisi hapa Kenya tumewaachia wahandisi na mitambo yao kazi yote ya ulinzi, na machache tunayowaambia wafanyakazi wetu tunawaambia kwa Kiingereza cha kitaalamu ambacho hata aliyekiandika asingeweza kukieleza sokoni. Nashikilia kwamba biashara za kusambaza mafuta katika nchi hii hazitakuwa salama mpaka karani, dereva na mhudumu wa pampu waonywe kwa lugha wanayoitumia kufikiri, na kwamba kazi hiyo inatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko tunavyokiri.

Tuitazame kwanza biashara yenyewe. Mtu wa kawaida hudhani kwamba kusambaza mafuta ni kazi ya matangi, mabomba na malori. Ni kweli, lakini kila lita husogea ikifuatana na maneno na tarakimu. Meli hutia nanga Kipevu, Mombasa, na mafuta hupimwa, huandikwa na kugawiwa wenyewe vitabuni, kwa maana katika bomba mafuta ya kampuni nyingi husafiri pamoja, na kinachotenganisha ya huyu na ya yule ni hesabu. Bomba la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978, njia ikaongezwa upande wa magharibi hadi Eldoret na Kisumu mwaka 1994, na bomba jipya la kuchukua nafasi ya lile kongwe likaanza kutumika mwaka 2018. Kutoka bohari, lori halipakiwi ila kwa hati. Hati haitolewi ila kwa malipo. Malipo hayathibitishwi ila kwa ujumbe. Ukiuharibu ujumbe, lori husimama ingawa tangi limejaa pomoni. Na lori likisimama hapa, wa kuulizana ni wengi, kwani Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo nazo hungojea mafuta yapitiayo njia hiyo hiyo.

Ujerumani iliyaona hayo mwishoni mwa Januari 2022. Kampuni mbili ndugu, Oiltanking na Mabanaft, zilishambuliwa, na shughuli za kupakia na kupakua katika mabohari ya Oiltanking, ambazo zilikuwa zikiendeshwa na kompyuta bila mkono wa mtu, zikakwama. Kampuni ya Shell ikalazimika kuchukua mafuta kwenye mabohari mengine. Vituo 233, vingi vyavyo vya kaskazini, viliguswa. Baadhi havikuweza kupokea kadi wala kubadilisha bei, vikauza kwa fedha taslimu. Nchi haikupooza kwa kuwa Ujerumani ina wenye mabohari wengi. Sisi tuna njia kuu moja.

Nchini Iran mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Tarehe 26 Oktoba 2021 petroli ilikuwa tele matangini, lakini mashine zinazosoma kadi za mafuta ya ruzuku zilinyamaza katika vituo vipatavyo 4,300, na mahali pa kuonyesha bei pakatokea maneno ya kejeli pamoja na nambari ya simu ya ofisi ya kiongozi mkuu wa nchi. Desemba 2023 kisa hicho kikajirudia, na takriban asilimia 70 ya vituo vikaathirika. Mara zote mbili mafuta hayakuguswa. Kilichokosekana ni idhini ya kuyauza.

Wasomaji hawajasahau Aprili 2022, magari yalipolala vituoni mwetu, kuanzia Nairobi hadi magharibi, na waendeshaji bodaboda wakatembea mtaa kwa mtaa na vibuyu vya plastiki. Hapakuwa na mdukuzi wakati ule. Kiini kilikuwa ni madai ya ruzuku ambayo serikali ilikuwa haijazilipa kampuni za mafuta. Nakitaja kisa hicho kwa sababu kilituonyesha jinsi nauli zinavyopanda na mizigo inavyooza pale tu malipo yanapozozaniwa kati ya watu wanaojuana kwa majina na ofisi. Na aliyejaribu kutumia eCitizen mwishoni mwa Julai 2023, mtandao huo wa serikali ulipozidiwa na shambulio, ameonja ni nini kushindwa kulipia kitu ilhali fedha unazo na huduma ipo.

Siwazungumzii wenye mabomba pekee. Kampuni kubwa zina idara nzima za ulinzi wa mitandao, na sina hofu kwamba zitasahau kununua mitambo. Hofu yangu kubwa ni juu ya yule mfanyabiashara wa Kitale, Meru au Voi, mwenye malori matatu na vituo viwili, ambaye ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya pampu, na kompyuta yake moja hutumiwa na karani mchana na mwanawe jioni kwa kazi za shule. Huyu hashambuliwi kwa programu za kutisha za akina DarkSide tu. Aghalabu hushambuliwa kwa barua. Siku moja karani hupokea barua pepe iliyoandikwa vizuri, yenye nembo ya kampuni inayomuuzia bosi wake mafuta, ikieleza kwamba akaunti ya benki imebadilika na malipo ya shehena ijayo yapelekwe kwenye hii mpya. Jina la mtumaji ni lile lile. Au laelekea kuwa lile lile. Tazama vyema: herufi r na n zikisongamana hufanana na m, na katika maandishi madogo ya simu jicho huona m. Sifuri huvaa sura ya herufi O. Tarakimu 1 huvaa sura ya l. Wezi hao wamejifunza tahajia kuliko wanafunzi wetu wengi, na wanajua kwamba msomaji mzoefu hasomi herufi moja moja bali huliona neno zima kwa mkupuo. Kasi hiyo ya kusoma, tunayoisifu darasani, ndiyo inayomponza karani. Fedha zikishatumwa, hakuna kufuli lililovunjwa la kuonyeshwa polisi. Karani amelipa mwenyewe, kwa mkono wake, na mara nyingi kazi yake huishia hapo.

Barua hizo zina sajili yake, na naomba walimu wenzangu waniruhusu kulitumia neno hilo katika maana ile ile tuitumiayo tunapofundisha isimujamii. Tunawafundisha wanafunzi sajili ya mahakamani, ya hospitalini, ya michezo, ya biashara. Sajili ya matapeli hatuifundishi, ingawa ina sifa zinazotambulika upesi kuliko nyingi za hizo. Huwa na haraka: lipa leo, kabla ya saa nane, la sivyo lori halitapakiwa. Huja kwa jina la mkubwa, mkurugenzi au afisa wa ushuru, na hutumia sauti ya amri iliyopakwa asali ya “tafadhali”. Huziba njia ya kuulizia: usinipigie, nimo mkutanoni, jambo hili libaki kati yetu. Kisha, baada ya kumfunga mtu kwa haraka, kwa cheo na kwa siri, humwomba abadilishe kitu kimoja kidogo, kama vile akaunti ya benki, nambari ya simu au mahali pa kupelekea shehena. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuyachambua hayo kwa kipindi kimoja, na pengine akayafurahia kuliko mazungumzo ya kubuni ya daktari na mgonjwa yaliyochakaa vitabuni mwetu.

Lakini kutambua si kutenda. Karani wa Kikwetu amelelewa kutomhoji mkubwa. Msichana aliyeajiriwa mwaka jana anapopokea agizo kutoka kwa “Mkurugenzi”, kumpigia simu na kumuuliza, “Mzee, hii barua ni yako kweli?” huonekana kama utovu wa adabu, na wako wakubwa ambao wangemkaripia. Tapeli anaijua heshima yetu na ameifanya ngazi. Kwa sababu hiyo kumlaumu karani ni kumwonea. Mwenye biashara ndiye anayepaswa kutangaza, kwa kinywa chake na mbele ya wafanyakazi wote, kwamba kuulizwa hakumvunjii heshima, na kwamba atakayelipa bila kuuliza ndiye atakayekuwa na maneno ya kujibu. Dereva naye ahusishwe. Yeye na utingo wake ndio hupigiwa simu wakiwa Salgaa au Malaba na kuambiwa shehena imeuzwa kwa mwingine, wageuze njia.

Sasa nije kwenye istilahi, ambako nakiri kwamba moyo wangu huwa mwepesi wa kuchafuka. Nimewahi kusoma maelekezo yaliyotafsiriwa ambamo kile kizuizi cha kompyuta kinachochuja yanayoingia na kutoka kiliitwa “ukuta wa moto”. Mfasiri alichukua maneno mawili ya Kiingereza akayapanga kama matofali. Mpeleke huyo mfasiri kwenye bohari la mafuta, mahali ambapo kiberiti hakiruhusiwi getini na simu huzimwa, akamwambie mlinzi ahakikishe kwamba ukuta wa moto umewashwa! Kwa Waingereza neno lile lilianzia kwenye ujenzi, na maana yake ilikuwa ukuta wa kuuzuia moto usivuke. Kiswahili kilichonyooka kingesema kingamoto, na kwa kompyuta kingesema ngome, neno ambalo kila aliyefika Mombasa analijua kwa macho yake.

Kosa lililo baya zaidi ni la zile programu zilizoifunga Colonial Pipeline, zinazofumba majalada ya mtu na kudai malipo ili ziyafumbue. Baadhi yetu hupendekeza ziitwe “programu za ukombozi”, kwa hoja kwamba kukomboa ni kulipa ili kukirudisha kilichoshikwa. Kwa asili hoja hiyo ina mashiko. Aliyeweka bangili rehani hurudi kuikomboa, na mateka wa zamani walikombolewa kwa mali. Lakini neno halikai mahali tulipoliacha. Tangu enzi za kupigania uhuru, na hasa tangu wanasiasa wetu wa miaka ya tisini walipoanza kuzungumza juu ya ukombozi wa pili, neno hilo limevaa joho la heshima. Karani aliyechoka, akiona mbele yake kitu kinachoitwa programu ya ukombozi, atadhani ni ya kumwokoa, na huenda akabonyeza aiweke. Iitwe programu tekaji. Mtekaji kila mtu anamjua na hakuna anayemkaribisha.

Kuhusu nenosiri na nywila sina ugomvi mkubwa, ingawa nalipenda la kwanza kwa kuwa linajieleza lenyewe. Ila tuwaambie watu kwamba “neno” hapo ni namna ya kusema. Maneno manne au matano yasiyohusiana ni bora kuliko neno moja lililopambwa kwa tarakimu, na lililo bora kuliko yote hayo ni kutotumia lile lile kwenye akaunti ya kampuni na kwenye mtandao wa kubashiria mechi za mpira.

Kuna suala la sheria pia. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta aiarifu kamati ya taifa inayohusika anaposhambuliwa, na inampa saa 24. Ni agizo la busara, kwani aliyeshambuliwa leo akinyamaza kwa aibu, jirani yake atashambuliwa kesho kwa barua ile ile. Lakini sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Yule mwenye malori matatu ataijuaje? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Miaka imepita, na mwananchi angali anafungwa na maneno asiyoweza kuyasoma kwa utulivu. Wanasheria husema kutojua sheria si kisingizio. Mimi husema kutomjulisha mtu nako kusiwe kisingizio cha serikali.

Najua nitakavyojibiwa. Wako watakaosema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya kompyuta, na kwamba karani wa ofisi amekwenda shule. Hao nawauliza Wakenya wamejifunzaje kuwatambua matapeli wa M-Pesa. Huduma hiyo ilianza mwaka 2007, na haukupita muda mrefu kabla ya kuzuka ule ujumbe wa mtu aliyekutumia fedha kwa makosa na anayeomba kwa machozi umrudishie. Wengi waliumia. Lakini leo nyanya aliye kijijini hucheka akiupokea na kumsomea mjukuu wake. Semina ya Kiingereza hakuhudhuria. Alisikia kwenye matatu, kanisani, msikitini, sokoni na redioni, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama yake, mpaka hadithi ile ikawa mali ya kila mtu na kila mtu akaweza kuieleza upya kwa maneno yake. Onyo linaloweza kusimuliwa husafiri. Onyo lililoandikwa kwa vifupisho vya kigeni hubaki pale pale lilipobandikwa.

Wengine watasema kwamba fedha ziende kwanza kwenye mitambo. Sipingi mitambo. Ile ithibati ya pili iliyokosekana Marekani haina gharama kubwa, nakala za akiba zilizowekwa mbali na mtandao ni lazima, na akaunti ya aliyeacha kazi ifungwe siku ile ile anapokabidhi funguo. Hayo ndiyo ya msingi na anayeyapuuza hana wa kumlilia. Lakini ithibati ya pili yenyewe huwa ni tarakimu sita kwenye simu ya mtu, na tapeli hupiga simu akaziomba kwa sauti ya upole. Asiyeelewa ni za nini atazitaja.

Tena kuna hekima ya daftari. Tarehe 15 Agosti 2012 kampuni ya Saudi Aramco, ambayo tangu 2023 ni mojawapo ya zile tatu za Ghuba zinazoiuzia Kenya mafuta kwa mkataba wa serikali kwa serikali, ilifutiwa kompyuta zipatazo 30,000 kwa siku moja. Visima viliendelea kutoa mafuta, lakini ofisini watu walirudi kwenye taipureta na faksi, na imesimuliwa jinsi malori yalivyopanga foleni na kurudishwa bila mafuta kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuthibitisha malipo. Hata jitu la namna ile liliokolewa kwa kiasi fulani na karatasi. Hapa kwetu vijana wanaoajiriwa sasa hawajawahi kuandika hati ya kupakilia kwa mkono, na wazee walioijua kazi hiyo wanastaafu. Ningekuwa na biashara ya mafuta ningemwomba mmoja wao aje siku moja kila robo mwaka, kompyuta izimwe, na shehena ya siku hiyo ipakiwe kwa kalamu, leja na nakala tatu za kaboni. Wangekosea mara ya kwanza. Afadhali wakosee siku hiyo.

Kwa walimu nina ombi jepesi. Barua pepe tayari ni sehemu ya insha za kiuamilifu, na kila mwaka tunawatungisha wanafunzi barua za kuomba kazi na za kumwalika mgeni wa heshima. Tuwape siku moja barua ya uongo, tuwaambie waichambue: nani anajidai kuwa nani, kitenzi kipi ni cha amri, haraka hiyo inatoka wapi, herufi gani katika anwani si ile inayopasa. Wengi wa wanafunzi hao watakuwa makarani, madereva na wahudumu wa vituo kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Vyuo vya ualimu na idara zetu za Kiswahili vyuoni vishirikiane na wenye mabohari kuandika maelekezo, wala vikao vya istilahi visimalizike bila mtu mmoja mwenye mafuta kwenye viatu vyake kuulizwa kama ameelewa.

Na kwa mwenye malori matatu nina ombi la karatasi moja tu, ibandikwe ukutani juu ya meza ya karani. Iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Isema kwamba nambari za akaunti za wanaotuuzia mafuta ni hizi, na simu zao ni hizi, tulizozijua tangu zamani; kwamba akaunti ikibadilika tunapiga simu kwa nambari iliyo hapa ukutani, wala si kwa ile iliyo ndani ya barua; kwamba tarakimu za ithibati haziombwi na mtu wa benki wala wa ushuru; kwamba kompyuta ikionyesha ujumbe wa kudai fedha, waya wa mtandao uchomolewe na mkubwa aamshwe hata iwe usiku wa manane; na kwamba kumpigia mkurugenzi ili kuthibitisha agizo si kosa. Chini yake atie sahihi mkurugenzi mwenyewe, pamoja na muhuri, kwa sababu ipo siku karani atakayekataa kulipa atapigiwa kelele na mtu anayejiita mkurugenzi, naye atahitaji mahali pa kuegemea.